Nilinunua matairi matatu kabla ya kuitazama valvu

Shemeji ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa nyuma yangu na gari lake, akawasha taa mara mbili, nikadhani anataka kupita, nikasogea pembeni nimpishe. Hakupita. Akaanza kupiga honi bila kuachia. Nilipotupa jicho kwenye kioo cha pembeni nikaona vipande vyeusi vikiruka nyuma ya trela kama kunguru waliofukuzwa kwenye mzoga.

Trela langu lina ekseli mbili, magurudumu manne, na siku hiyo lilibeba spika, jenereta na mabomba ya jukwaa. Usukani haukunong'ona chochote. Gari lenyewe likiishiwa upepo utajua tu: litavuta upande mmoja, litakuwa zito, hata kiti kitakuambia. Trela la magurudumu manne halikuambii. Tairi moja likilala, mwenzake wa upande uleule anabeba mzigo wa wawili kimyakimya, nawe unaendelea na safari huku unaimba na redio. Sijui nilikwenda kilomita ngapi vile. Nilipolifikia tairi lenyewe, ukuta wake wa pembeni ulikuwa umekatika mzunguko mzima, limebaki kama mkufu uliovalishwa rimu, na ukilisogelea uso unahisi joto kabla hujaligusa.

Kilichoniuma ni kwamba asubuhi ile nilipima upepo mwenyewe. Mimi si mtu wa kupiga tairi teke na kusema liko sawa. Nilipita na geji kwenye yote manne, nikaongeza palipopungua, yote yakasoma psi 80 (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo) kama yalivyoandikwa ubavuni. Saa tatu baadaye moja liko vipande vipande. Basi mtu afikirie nini? Nilifikiri kile ambacho kila mtu hufikiri: nimeuziwa tairi bovu.

Nikanunua jingine. Fundi wa pancha akanishauri nibadilishe na mwenzake, kwa kuwa lilibeba mzigo usio wake na ndani yake huenda nyuzi zimeshaachana. Ushauri ule ulikuwa mzuri na hadi leo naufuata. Yakawa mawili. Akavua ya zamani, akapiga brashi rimu, akapaka sabuni, akavalisha mapya. Nilisimama pale nikiangalia kila hatua, na hapakuwa na hatua ya valvu, kile kijiti cha kujazia upepo. Hakuigusa, wala mimi sikumuuliza. Ilikuwa pale kwenye tundu lake, nyeusi, na kofia yake ya plastiki, haina dalili ya kudai chochote.

Miezi miwili ikapita. Gurudumu lilelile, lenye tairi jipya, likaanza tabia. Likiegeshwa wiki nzima halipungui. Nikisafiri nalo nikifika naligusa, limelegea. Najaza psi 80, narudi nyumbani, limebaki na hamsini na kitu. Naliacha siku nne, linasoma hamsini na kitu ileile. Nikalivua nikalitumbukiza kwenye pipa la maji, nikalizungusha polepole huku nimeinama hadi mgongo ukaniuma. Hata povu moja. Nikachanganya sabuni ya kuoshea vyombo, nikamwagia ukingo wa rimu, nikamwagia valvu na kisindano chake cha ndani. Kimya. Nikajiridhisha kuwa tatizo ni geji yangu, nikanunua geji.

Sijui kwa nini nilipendelea kuamini geji mbili zinasema uongo kuliko kuamini kwamba tairi linaweza kuvuja barabarani tu. Safari iliyofuata lilipungua zaidi. Halikupasuka, ila nilipolivua nikaona mstari wa mkunjo umezunguka ukutani, na ndani palikuwa na vumbi jeusi la mpira uliosagika. Tairi lililotembea hivyo halijazwi tena, hata kama kwa nje linang'aa. Tairi la tatu.

*

Safari hii nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye karakana yake huhudumia malori zaidi kuliko magari madogo. Nilimsimulia yote, pamoja na pipa la maji na geji mpya. Akanisikiliza akiwa anafuta mikono.

"Ulipolipima kwenye maji," akauliza, "valvu ilikuwa imesimama au imelala?"

Sikuelewa swali. Valvu ni valvu, imesimama kama ilivyo.

"Basi ulipima ikiwa imepumzika, mwanangu. Barabarani haipumziki."

Akajaza upepo, akamwagia sabuni shina la valvu pale linapoingia kwenye rimu. Hakuna kitu. Kisha akaweka kidole gumba kwenye ncha yake, akaisukuma taratibu kuelekea nje, kule ambako tairi hukaa. Pale chini, upande unaotazama katikati ya gurudumu, ngozi ya mpira ikafunguka. Nyufa tatu au nne, moja ndefu kuliko zote, ikaachama kama shavu la samaki, na sabuni ikachemka. Akaachia kidole. Ufa ukafumba, povu likakoma. Akasukuma tena, likachemka. Akaachia, likakoma. Alifanya hivyo mara tano, nadhani kwa ajili yangu, maana yeye alishajua tangu mara ya kwanza.

Ninachokijua sasa kuhusu valvu kilianzia kwenye kidole kile. Valvu ya mpira ya kuvuta, hii ambayo magari mengi madogo na matrela wanatoka nayo kiwandani, ni bomba jembamba la shaba lililovikwa mpira, na mpira huo ndio unaoziba tundu la rimu. Kwenye rimu nyingi tundu hilo ni la milimita 11.5. Shina linatokeza nje bila kufungwa na nati wala kitu chochote. Limeng'ang'ania kwa mpira peke yake. Gurudumu likizunguka, kila kilichotokeza hutaka kuruka kwenda nje, na shina hilo huinama. Trela langu lina rimu za inchi 15. Kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gurudumu linazunguka karibu mara 10 kila sekunde, na pale penye valvu kila gramu inavuta kama gramu 70. Ukisimama, inanyooka. Ukiondoka, inainama. Kila safari mpira wa shingoni unavutwa upande mmoja na kubanwa upande wa pili, na upande unaovutwa ndio unaochanika.

Kwa hiyo tairi langu halikuwa na tabia ya ajabu hata kidogo. Lilivuja likitembea kwa sababu ufa ulifunguka likitembea. Lilitulia uani kwa sababu ufa ulijifunga. Na pipa la maji lilikuwa linanionyesha gurudumu lililolala usingizi.

Mzee akauliza swali la pili, ambalo sikulipenda. Lile tairi la kwanza, lililokatika, nilikuwa nimelipima asubuhi? Nimelijaza kwa bomba la kompresa lenye kichwa kirefu? Ndiyo. Nilikibonyeza kichwa kile moja kwa moja au kwa ubavu? Kwa ubavu, maana tundu la rimu limejificha na mkono hauingii vizuri.

"Basi huenda wewe ndiye uliyeimalizia."

Alisema bila kebehi. Valvu iliyokwisha kukauka ikipindishwa na kichwa kizito cha kompresa, ufa uliokuwa wa juujuu unaweza kuingia hadi ndani. Geji inasoma vizuri wakati ule, unafunga kofia, unaondoka umeridhika. Nimelifikiria sana jambo hili, kwamba aliyekuwa mwangalifu ndiye aliyepasukiwa, na asiyepima kabisa angefika na ufa wake mdogo. Si hoja ya kuacha kupima. Ila tangu siku hiyo ninashika shina kwa mkono wa kushoto, chini karibu na rimu, ndipo nabonyeza kwa mkono wa kulia.

*

Yule mzee alibadilisha valvu ile moja. Hakuweka ya mpira. Aliweka ya chuma, ya kufunga kwa nati, yenye pete ya mpira ndani na nje ya rimu. Nikaona ameniongezea gharama isiyo ya lazima, na nakiri nilimdhania vibaya. Nikamshukuru, nikaondoka na mpango wangu. Hizo tatu zilizobaki nitazibadilisha kwingine, kwa valvu za kawaida.

Nikafanya hivyo. Mpya, nyeusi tii, zimetolewa kwenye mfuko wa plastiki wenye nyingine kama hizo hamsini. Na kwa kuwa sasa nilikuwa mtu aliyeumwa na nyoka, nikanunua na vifaa vya kupima upepo kutoka ndani ya gari, vile visensa vidogo vinavyofungwa juu ya valvu mahali pa kofia, na kioo chake kinakaa kwenye dashibodi. Kila gurudumu la trela likavishwa kimoja, pamoja na lile lenye valvu ya chuma. Nilijisikia kama rubani.

Mwezi wa nane tangu nizifunge, kioo kikalia. Gurudumu la mbele kulia: psi 71, 69, 66, nikiwa natembea. Nikasimama. Kikaganda kwenye 64 bila kushuka tena. Sikuhitaji sabuni. Nilipiga magoti, nikasukuma shina kwa kidole, nikasikia sss. Nikaachia, kimya. Nikakagua mengine. Moja la nyuma lilikuwa na nyufa nyembamba kama za udongo wa chungu uliokauka vibaya, bado hazijafika ndani. La tatu lilianza. Lile la mzee, la chuma, halikuwa na hata alama.

Miezi 8. Watu hupenda kusema valvu ya mpira huishi sawa na tairi lake, na kwenye gari dogo lililojazwa psi 32 kauli hiyo haina ubaya mkubwa. Mimi nilikuwa nimefanya mambo mawili ya kuiua mapema, na moja kati ya hayo lilikuwa kile kifaa cha usalama.

Kisensa kile nilikipima kwenye mizani ya jikoni: gramu 14. Si kitu, waweza kukisahau mfukoni. Lakini zidisha kwa ile 70. Kwenye mwendo wangu wa kawaida nilikuwa nimetundika takribani kilo moja kwenye ncha ya kijiti cha mpira, na kuiacha ivute saa nzima, saa mbili, safari baada ya safari. Valvu ya mpira imeundwa kubeba kofia ya plastiki isiyofika gramu 1. Vile virefusho vya shaba ambavyo watu hufunga ili bomba lifike kirahisi ni balaa la aina hiyohiyo, na zile kofia nzito za urembo pia. Uzito ukikaa mwishoni mwa shina, shingo ndiyo inayolipa. Visensa vya nje ni vizuri, bado ninavyo, lakini mahali pake ni kwenye valvu ya chuma.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na sikuwahi kulisikia mahali popote hadi niliporudi kwa mzee nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliichomoa valvu moja, akaigeuza, akanionyesha maandishi yaliyochorwa kwenye mpira wa kitako: TR413. Hiyo ndiyo valvu ya kawaida kuliko zote, na ndugu zake TR414 na TR418 hutofautiana nayo kwa urefu tu. Kikomo chake ni psi 65, tairi likiwa la baridi. Mimi nilikuwa najaza 80. Na 80 ya asubuhi, barabara ikishapata jua na tairi likishapata moto, hupanda na kuzidi hapo.

Sikuwa nimewaza kwamba valvu ina kikomo. Tairi linacho, kimeandikwa ubavuni. Rimu nayo inacho, imepigwa muhuri. Valvu niliiona kama mlango tu, na mlango hauna kilo. Kumbe upepo unaisukuma kutoka ndani saa zote ishirini na nne, hata trela likiwa limeegeshwa, na mpira uliotengenezwa kwa 65 ukisukumwa na 80 unakaa umevutika muda wote. Mpira uliovutika ndio unaozeeka haraka.

Hapa ndipo matrela yanapoumia kuliko magari. Gari dogo hukaa karibu na nusu tu ya kikomo hicho. Lakini matairi mengi ya trela, hasa yenye tabaka nyingi za kubebea mzigo, hutaka psi 50, 65, 80, na tundu la rimu linabaki lilelile la milimita 11.5. Valvu ya kawaida inaingia bila ubishi wowote. Haimwambii fundi kwamba siyo yenyewe. Ziko za mpira zilizoimarishwa, kama TR600HP, ambazo shaba yake inashuka hadi ndani ya tundu la rimu na zimepangiwa psi 80. Mafundi wengi hawazipendi kwa sababu kuzivuta zipite ni kazi ya jasho. Na ziko hizi za chuma za nati, ambazo hubeba hadi psi 200. Kwa mtu anayejaza 80 kamili mimi nasema aende kwenye chuma moja kwa moja. Kuchagua kitu ambacho kikomo chake ndicho kipimo chako cha kila siku ni kubahatisha.

*

Mzee hakuishia hapo. Alichukua kisu akaipasua valvu ile kwa urefu, akanipa nusu. Ukiibonyeza kwa ukucha, mpira wa ndani, uliokuwa haujaona hewa ya nje, ulikuwa laini na unarudi. Wa nje, kina cha unene wa karatasi mbili hivi, ulikuwa mgumu na unakwaruza. Nyufa zenyewe huletwa hasa na ozoni, aina ya oksijeni iliyomo hewani. Ni kidogo mno, haionekani, lakini mpira wa kawaida una viungo ambavyo ozoni huvikata, na hukata pale palipovutika, kukingama na mwelekeo wa mvuto. Ndiyo maana nyufa za valvu huzunguka shingo badala ya kushuka na shina. Watengenezaji huchanganya kemikali za kuzuia na nta inayopanda polepole juu ya mpira na kuufunika. Mchanganyiko ukipunjwa, hakuna macho yatakayoujua siku ya kununua. Valvu iliyopunjwa na iliyokamilika zote hung'aa.

Hilo limewahi kutokea kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2008 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iliwatahadharisha wenye magari kuhusu valvu za mpira zilizotengenezwa mwaka 2006, mamilioni ya valvu, ambazo zilikuwa zinapasuka shingoni kabla ya wakati. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa hayohayo: mpira haukuwa na kinga ya kutosha dhidi ya ozoni. Kwa hiyo mtu akikuambia "hizi mpya, haziwezi kuwa tatizo", upya wenyewe hausemi kitu. Ziko pia za mpira wa EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, ambao ozoni inaushinda kwa shida sana. Kama muuzaji anajua kukujibu ukimuuliza mpira ni wa aina gani, hiyo tayari ni dalili njema.

Mengine yanayoiua niliyaona kidogokidogo, mengi kwenye magari ya watu wangu. Gari la dada lilikuwa na vifuniko vya urembo vya magurudumu, na kimoja kilifungwa tundu lake likiwa limepishana kidogo na valvu. Ukingo wa plastiki ulikaa unaisukuma upande mmoja miezi yote, na pale palipoguswa palikuwa na kovu la kina cha kucha. Dawa za kung'arisha matairi zenye asili ya mafuta hulainisha mpira na kuiondoa ile nta. Wakati wa kufunga, valvu ikivutwa kavu bila sabuni, au kwa pembe, au kwa koleo badala ya kifaa chake, huchanika kitako kwa ndani na huwezi kuona tena. Breki ya trela iliyoshika hupika rimu, na rimu hupika valvu. Na ukingo wa tundu lenye kutu ni kisu, kwa hiyo sasa kabla ya kuweka valvu napitisha kidole pale, napiga msasa laini.

Kuhusu valvu za chuma, nilijivuruga pia, maana nilitaka kuzifunga mwenyewe zile tatu. Nilikaza nati kama ninavyokaza nati za gurudumu. Ile pete ya mpira ikaminywa ikatoka pembeni kama ulimi, na wiki ya pili ikavuja. Inakazwa kwa kiasi, pete itulie na kujaa tundu, halafu baada ya siku kadhaa unarudi kuiangalia kwa sababu mpira hujipanga. Pia nilikuta rimu moja ambayo pale penye tundu haikuwa bapa. Pete haikukaa sawa, ikabidi nitafute yenye kitako cha umbo jingine. Na pete hizo nazo ni mpira. Chuma huchelewa kuzeeka, lakini pete inazeeka, hivyo tairi likibadilishwa na pete zinabadilishwa. Watu wengi wakishaweka chuma hudhani wamemaliza.

*

Leo tairi likivuliwa kwenye rimu yoyote yangu, valvu ya zamani ya mpira hairudishwi tena. Naomba nipewe ya zamani mkononi, kwa sababu zipo karakana utaambiwa imebadilishwa nayo iko palepale. Kila baada ya miezi miwili hivi napita na maji ya sabuni, na gurudumu la trela likiwa limenyanyuliwa kwa jeki nalisukuma lile shina kwa kidole pande zote nne. Nalisukuma taratibu, kwa kiasi cha kuona tu kama mpira unafunguka, uwe wa shina au wa pete, na nafanya hivyo nikiwa nyumbani, siku ambayo sina safari. Usiifanye kando ya barabara kuu usiku ukiwa huna tairi la akiba, maana valvu iliyochoka sana inaweza kukatika hapohapo.

Najua kwa sababu ilinitokea, na ilikuwa kwa lile la akiba lenyewe.

Nilikuwa nimeshabadilisha zote nne. Nilijisikia nimemaliza shughuli. Shemeji alikuja kuchukua trela kwa kazi yake, nami nikaanza kumwonyesha, kwa majivuno kidogo, jinsi ya kukagua. Tulizunguka gurudumu kwa gurudumu, chuma, chuma, chuma, chuma. Akaniuliza na lile pale je? Lilikuwa limefungwa kwenye pua ya trela, nje, jua la miaka yote limelichoma, halijawahi kutembea hata kilomita moja. Nikamwambia lile ni jipya kabisa, halijatumika. Hata hivyo nikalishika nimwonyeshe.

Sikusukuma. Niligusa tu. Shina likakatika shingoni, likabaki kati ya vidole vyangu na kofia yake, na upepo ukatoka kwa kelele iliyowafanya kuku wakimbie uani. Tulisimama pale tukingoja uishe. Ulichukua muda. Nilipoligeuza lile shina nikaona limekatika karibu lote zamani; palipokuwa peusi na pang'avu palikuwa padogo kama punje ya mchele, kwingine kote kulikuwa kijivu, vumbi limeingia na kutulia humo.

Shemeji akalichukua, akalitazama, akaniuliza kama lile tairi lililokatika siku ile ya taa na honi valvu yake niliiweka wapi. Nikamwambia niliitupa pamoja na tairi la tatu.

"Na siku ile tulibadilisha na hili," akasema. Ni kweli. Siku ile, kando ya barabara, gurudumu tulilofunga ili tufike nyumbani lilikuwa hilihili la akiba, na valvu hiihii, kilomita arobaini na mzigo wote juu yake. Kumbe nilimdanganya bila kujua niliposema halijawahi kutembea.

Tukalifungua kwenye pua ya trela, tukalipakia kwenye gari lake, tukaenda kwa mzee kabla hajafunga.